Nitawachimba: Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Uvumilivu Mtandaoni

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Banza Wilfried, Mkuu wa Biro ya Uvumilivu Mtandaoni hapa Kalemie; mheshimiwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa huu, ambaye amepatwa na dharura; waheshimiwa mapapa na wamama mlioletwa na vita kutoka Nyunzu mpaka kwenye mahema haya; waheshimiwa mliokaa juu ya madumu kwa kukosa viti; wageni waalikwa ambao hawakualikwa: protocole yote imezingatiwa! (Makofi ya mutu mmoja.)

Leo, katika mwaka huu mugumu wa 2017, ninayo heshima kuu ya kuzindua, kufungua na kutakasa Kituo cha Kisasa cha Kuongea Polepole na Wageni kwenye Telefone, chenye kompyuta kumi na nne na agents mia mbili waliofanyiwa renforcement ya capacité, yaani kujengewa uwezo, kwa sababu takwimu zangu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wazungu huandika Kiswahili vibaya, na asilimia tatu waliobaki hawajaandika bado. (Kicheko.)

Mnafahamu habari ya Bwana Henrik, muzungu wa mashine ya visima, aliyejifunza Kiswahili miezi miwili kule Kigoma, ambaye aliingia kwenye groupe yetu ya WhatsApp akaandika, nanukuu: "Habari wote. Mimi nitawachimba wiki kesho." Nitawachimba! Mimi, mutu wa Serikali, nichimbwe kama muhogo? Ninyi mmekimbia vita juzi tu, halafu mutishwe tena kwa maandishi? Kwa haraka na kwa uzalendo, nilimutoa kwenye groupe. (Sauti ya mwanamke: "Na maji yetu je, Papa Chef?" Miguno.)

Nakuja kwa maji, mama. Kila jambo lina paragraphe yake.

Ni kweli kwamba Mama Odile, yule pale mbele mwenye dumu la njano, ambaye mutoto wake amelazwa kwa kuhara kwa sababu ya maji ya mutaro, alimwandikia Bwana Henrik pembeni, bila ruhusa ya biro. Nimeyasoma mazungumzo hayo, kwa ajili ya usalama. Mama hakumucheka muzungu. Aliandika maneno machache, akangoja. Aliuliza: "Unatuchimba sisi, ao unatuchimbia kisima?" Baada ya saa mbili likaja jibu: "Chimbia! Samahani sana! Si watu! Kisima!" Hiyo, wapendwa, njo méthode yangu. (Miguno mirefu.)

Kisha muzungu akauliza kisima kiwekwe wapi. Mama Odile akatuma picha ya uwanja huu, akaandika: "Njo hapa." Sisi wote tunaelewa, "njo" yetu ni "ndiyo": ndipo hapa. Lakini kule Kigoma "njoo" ni kumwita mutu aje, basi Bwana Henrik akaona anaitwa, akajibu: "Nakuja leo." Leo! Bila barua, bila muhuri, bila mimi! Hata hivyo kosa hilo lilikuwa limeandaliwa vizuri sana na biro yangu, katika awamu ya kwanza ya... (Ngurumo ya lori la mashine ya visima barabarani. Watu wanainuka.)

Kaeni! Nina kurasa kumi na moja bado! (Madumu yanagongana. Wamama wanapiga vigelegele. Uwanja unabaki mutupu.) Basi semeni pamoja nami hata mukiwa mbioni! Polepole na mugeni! Mugeni na polepole! Maendeleo! (Sauti kutoka mbali: "Maji!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru agents wangu mia mbili, ambao wote wanaitwa Odile. Nazishukuru kompyuta kumi na nne, ambazo kwa sasa ni telefone moja yenye kioo kilichopasuka. Mama Odile, ngoja kidogo, usikimbie! Muombe muzungu samahani kwa niaba yangu, maana mimi ameniblock. Na akiuliza Kituo chetu kiko wapi, nakuomba kwa heshima zote, usimwandikie "njo hapa". Atakuja, mama, na hatakiona.