Boliti Nne za Nyuma na Saa Mbili Zenu

Ndugu Mhariri,

YAH: SAA MBILI MLIZOTUAHIDI KATIKA UKURASA WA "JIFANYIE MWENYEWE"

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umekaa kwenye kiti. Mimi naiandika nikiwa nimelala chali juu ya kipande cha boksi, chini ya gari, maana siku hizi ndiko ninakoishi. Madoa ya mafuta pembeni mwa karatasi si dharau.

Mimi ni daktari wa meno, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita kazini. Nimeng'oa magego yaliyoota kwa ubishi na mizizi iliyojikunja kama ndoano. Nayasema haya ili ujue kwamba hulalamikiwi na mzembe.

Gari lenyewe ni la baba yangu: la spoti, milango miwili, jekundu, umri miaka thelathini na minne. Limekaa bandani miaka sita kwa sababu lilikuwa linayumba nyuma kila ukikanyaga breki. Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Sasa ana miaka themanini na mmoja na macho yake yanafunga. Daktari wa macho ametupa mpaka mwisho wa mwaka. Baba hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Nataka nilione likitembea, kabla sijabaki kulisikia."

Ndipo nikasoma gazeti lako: "Kubadilisha bushi za nyuma: mtu mmoja, saa mbili." Bushi, kwa wasomaji wenye bahati ya kutozijua, ni zile raba zinazotuliza magurudumu yasiyumbe, na zinashikwa na boliti nne. Nne tu! Nikamwahidi baba kwamba Jumamosi ile ile, kabla ya jua kuzama, atalipungia gari lake mkono. Tangu hapo zimepita Jumamosi tisa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika "legeza boliti nne" kama mtu anayesema "funga mlango." Maneno hayo matatu yamenila wiki tisa, spana mbili na ngozi ya vidole vitatu. Huwezi kumwambia mtu avuke mto ukasahau kumtajia mamba.

2. Mchoraji wenu amemchora mtu aliyevaa shati jeupe, anafungua boliti huku anatabasamu. Naomba anwani ya mtu huyo.

3. Hakuna njia ambayo sijaijaribu. Nimezimwagia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kama dawa ya kikohozi. Nimezigonga kwa nyundo. Nimerefusha mpini wa spana kwa bomba la maji, kisha nikaning'inia, mtu mzima na heshima zangu. Pale nyuma, kati ya gurudumu na tangi la mafuta, kichwa hakiingii, na mafundi wengine hupapasa tu. Mimi kwa elimu yangu niliingiza kioo changu cha kazi, kile kidogo chenye mpini cha kutazamia magego ya juu, nikaiona kila nati waziwazi na kuizungusha huku naitazama. Pamoja na utaalamu wote huo hazikulegea. Kila siku zilizidi kuwa ngumu, na ya tatu ikanikatikia mkononi. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alikuja kuchungulia, akaguna, akasema, "Daktari, wewe na hizi boliti mna ugomvi wa kifamilia." Nikamwomba arudi kwake.

4. Katika kuning'inia huko, spana iliteleza ikachubua bodi juu ya gurudumu la kushoto. Mchubuko wenyewe hauzidi ukucha. Nimeuziba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ambayo kwa bahati ni nyekundu ile ile, na hakuna anayejua ila wewe. Mke wangu anadhani chupa imemalizwa na mdogo wake, na hawajazungumza tangu mwezi uliopita. Aya hii tafadhali uisome kimoyomoyo.

5. Riziki yangu imeguswa. Kidole gumba changu cha kulia kimekuwa cheusi. Juzi mama mmoja, nikiwa nimeshamchoma ganzi, alikiona kikisogea mdomoni mwake, akafunga mdomo, akasema jino limepoa, akaondoka na shavu lake limelala. Binti wa mapokezi ananiita Daktari Spana. Wagonjwa wawili wamepiga simu kuuliza kama ni kweli siku hizi natumia bomba.

6. Hili ni zito kidogo. Kila Jumamosi baba huketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, fimbo magotini, anasikiliza. Jumamosi ya kwanza alisema, "Nati hiyo inalia vibaya. Hebu nipishe niiguse." Nikamjibu kwa ile sauti ninayowatulizia wagonjwa waoga, kwamba sakafu ina baridi, apumzike, mimi ninaona kila kitu. Jumamosi ya pili akaomba tena, nikamjibu vile vile. Ya tano hakuomba. Siku hizi huniuliza ni saa ngapi, kwa sababu saa ya ukutani haioni tena, na hilo linaniuma kuliko kidole. Nimeona aibu, Ndugu Mhariri. Nikatafuta mtu wa kumtwisha aibu hiyo, nikakupata wewe.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani kama nimezidisha. Mtu aliyekaza boliti hizi kiwandani miaka thelathini na minne iliyopita atafutwe popote alipo, hata kama amestaafu na ana wajukuu, aje azifungue mwenyewe. Aliyefunga ndiye anayejua kufungua. Itungwe sheria kwamba boliti yoyote ya nyuma ikifikisha miaka ishirini istaafu kwa lazima. Watengenezaji wa magari wapelekwe kujifunza kwenye kinywa cha binadamu, ambamo kila kitu hulegea chenyewe kwa umri bila kumsumbua mtu. Baba amebakiwa na meno saba, na kati ya yale yaliyotangulia hakuna hata moja lililodai bomba la maji. Yote hayo yakishindikana, basi chapisheni masahihisho ukurasa wa mbele: pale paliposomeka "saa mbili," pasomeke "umri uliokubakia."

Wasalimie wote hapo ofisini: wasaidizi wako, wapiga chapa, mlinzi wa getini na anayewachemshia chai. Mchoraji naye msalimie, ila kwa ubaridi.

Ni mimi msomaji wenu mtiifu, niliyelala chali,
Daktari wa Meno

Tanbihi: Barua hii imekaa siku nane katika mfuko wa koti langu la kazi, na mambo yamegeuka. Tafadhali usiichapishe.

Jumamosi niliingia ndani kunywa maji. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu na miguu ya baba ilikuwa imechomoza chini ya gari. Alikuwa amefumba macho kabisa, mkono mmoja juu, anapapasa. "Nani kakufundisha kufungua kwa kukaza?" akaniuliza. Nikainama na kioo changu nimwoneshe kwa adabu kosa lake, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mwanafunzi wa udaktari wa meno huambiwa wiki ya kwanza: kioo hugeuza. Kinywani mkono wangu umezoea kujirekebisha wenyewe. Chini ya gari uliamini macho. Wiki tisa nzima nilikuwa nazikaza.

Baba akaelekeza, mimi nikaning'inia upande wa pili wa bomba, na tatu zikaachia. Ile iliyokatika tulimwita jirani, akaitoa kwa moto, akacheka bila kujificha. Kazi yote, pamoja na raba mpya, chai, na kicheko cha jirani, ilichukua saa moja na dakika hamsini. Mnanidai dakika kumi.

Baba alikataa kupanda. Alitaka kiti chake kipelekwe getini, jua likiwa bado lipo. Nikapita mbele yake mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akanyanyua fimbo nisimame. Akainama, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa bodi juu ya gurudumu la kushoto. Kisha akauliza ni mpumbavu gani aliyepaka rangi ya kucha kwenye gari lake.

Nilikiri pale pale, mbele ya mke wangu na mdogo wake. Sijawahi kukemewa nikafurahi namna ile.