Meno ya Uongo ya Naswiba

Jumatatu, 8 Septemba
Binti yetu Naswiba ana miezi sita, anaharisha tangu juzi. Leo nimemfungua mdomo, nikachungulia. Subhanallah! Kwenye ufizi wa chini vitu viwili vyeupe, vimejificha! Nikakimbilia forodhani Mpondwe, mpakani na Kongo, kwa Tsongo, mpagazi mwenzangu anayejua kila kitu. Akashika kichwa. "Ile iko meno ya uongo, ndugu. Inakula mutoto." Akasema mganga wetu, Mzee Kathembo, huyachimbua kwa waya wa gurudumu la baiskeli, ameunoa kabisa, na mtoto hupona siku hiyo hiyo. Waya wa baiskeli! Akili za watu wengine zinanitisha.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemweleza mke wangu, Kulusum. Kosa kubwa. Amesema nikimgusa mwanawe kwa waya, atanichimbua mimi. Yeye anataka hospitali. Nikajifanya nimesinzia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumatano, 10 Septemba
Nilisema nampeleka mtoto kupimwa uzito. Nikampeleka kwa Kathembo. Watu wamejaa uani! Mzee amekaa katikati, miwani imefungwa kwa kamba, heshima tupu. Nikastaajabu. Kisha akaanza na mtoto aliyetutangulia. Kilio kile sijawahi kukisikia. Damu ikatiririka kwenye leso ya mama yake. Nikakumbuka kwamba sikumletea mzee zawadi, na si adabu kwenda mikono mitupu, kwa hiyo nikatoka haraka. Mlangoni, Kulusum! Jirani yetu Musoki alimwambia uzito hupimwa Ijumaa. Njia ya mwongo fupi.

Alhamisi, 11 Septemba
Kasese, hospitalini. Kulusum amenishika shati njia nzima. Daktari wa meno anaitwa Mackline. Kijana hivyo, nilidhani ni binti wa daktari. Wakakaa goti kwa goti yeye na Kulusum, Naswiba akalazwa mapajani mwao. Akatazama mdomoni, akacheka. Alisema vile vyeupe ni meno ya kweli kabisa, yako njiani. Ukiyachimba, unaua jino na pengine lile litakalofuata. Kuharisha ni ugonjwa mwingine. Akatupa vidonge vya zinki na dawa ya kuchanganya na maji. Ufizi tupanguse kwa kitambaa safi chenye maji. Jino likitoka, mswaki mdogo, na tumrudishe kabla hajatimiza mwaka.

Nikabisha. Nikasema Kathembo ameyatoa mengi, watu wameyaona. Hakukasirika. Akanionyesha picha ya taya la mtoto wa miaka mitano. Ndani ya mfupa, chini ya meno madogo, meno mengine! Makubwa! Yamelala, yanasubiri zamu! Nikasahau kubisha. Nikamshika Naswiba shavu. Mle ndani Mungu anafinyanga meno atakayotafunia nyama siku ya harusi yake, naye hata kukaa bado hajui. Machozi yakanitoka mbele ya watu. Na yule wa jana, aliyelia vile?

Jumapili, 14 Septemba
Kuharisha kumekoma. Nimetia kidole mdomoni, kikaumwa! Jino! Ncha tu, kama punje ya chumvi, lakini linakwaruza! Nimemwita Musoki aguse, nimemwita mumewe, nimemwita hadi dereva wa lori aliyekuwa anapita. Kisha nikatangaza Mpondwe nzima kwamba meno ya uongo ni ujinga mtupu, na anayeamini apimwe akili. Tsongo amenuna.

Jumatano, 17 Septemba
Naswiba anakohoa. Tsongo amenisamehe, ni muungwana. Aliniita pembeni, akanong'ona kwamba shida haikuwa meno hata siku moja. Ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimerefuka. Ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mzee anakikata kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Unywele! Nilibaki mdomo wazi. Jamani, binadamu amepewa vipaji!

Nimemwambia Kulusum kesho apumzike kwa dada yake, nitabaki na mtoto mimi mwenyewe. Yeye akamfunga Naswiba mgongoni, mafundo mawili, akalala naye hivyo hivyo, kifudifudi. Wanawake wana wasiwasi usio na sababu. Keshokutwa nitajaribu tena.