Bipu Mbili Maana Yake Usije

Jumatatu, 9 Novemba 2009
Nimenunua simu! Ya mkono wa pili, namba tano inabonyezwa kwa nguvu, lakini ni simu. Bundan, mchambua pamba mwenzangu, atanikoma. Tangu apate yake mwaka jana, nusu ya mji wa Lucknow inamwita yeye kuchambua pamba ya mifarishi, nami nazunguka vichochoroni na upinde wangu wa kupigia pamba begani, siitwi na mtu.

Zamani uzi wa upinde ulitosha. Marehemu baba aliupiga pale mwanzo wa uchochoro, dung, dung, na madirisha yakafunguka, akina mama wakamgombea. Siku hizi kila nyumba ina televisheni. Nani ausikie uzi? Nimemkumbuka sana leo.

Jumanne, 10 Novemba
Habari kubwa. Mjukuu wa Bi Qamar Jahan anaolewa. Mifarishi yote ya harusi! Bibi huyu alipoolewa, baba ndiye aliyemchambulia pamba. Nikiikosa kazi hii, sijui nitasimama vipi mbele ya kaburi lake.

Nikaenda kumwamkia na kumweleza mpango wangu wa kubana salio. Asizungumze, anibipu. Bipu moja: pamba imefika, njoo. Bipu mbili: bado, usije. Akauliza kwa nini asiseme tu kwa mdomo. Nikamwambia hayo ndiyo maendeleo. Nasiban, mke wangu, alipousikia mpango alicheka mpaka akapaliwa na chai. Wivu.

Alhamisi, 12 Novemba
Asubuhi, bipu moja! Bi Qamar! Nikavaa viatu. Kisha, kwa adabu, nami nikambipu, ajue nimeipata. Mara akabipu tena. Moja na moja ni mbili. Usije. Nikavua viatu.

Nasiban akasema huenda bibi amedhani namwita, akaitika, nimpigie nimuulize. Nimpigie! Salio lote liishe kwa swali moja! Nikalala.

Ijumaa, 13 Novemba
Siku mbaya. Baada ya swala nilipita kwa Bi Qamar, kusalimia tu. Dung, dung, kutoka uani. Nikasimama mlangoni nimeshika ukuta, maana kwa kitambo kidogo nilidhani ni baba. Ni Bundan! Ndevu zimejaa pamba, anatabasamu.

Bi Qamar hakunikaribisha kukaa. Alisema alinibipu, nikambipu, akanibipu, kisha kimya, na harusi haingoji mtu. Basi akampigia Bundan.

“Akaitika ‘Labeka, bibi,’ akaja,” alisema. “Wewe mwanangu una simu, ila huitiki. Baba yako aliitika hata akiwa na tonge mdomoni.”

Bundan akasema nikitaka atanionyesha kitufe cha kijani kilipo. Iliniuma. Si kwa ajili ya Bundan, kwa ajili ya baba.

Nadhani bibi alinionea huruma. Alinipa mfarishi wake wa zamani, uleule aliochambua baba, niufanye upya. Nimeufumua nyumbani. Pamba imegandamana, ya kijivu. Lakini uzi ulipoipiga, ikainuka nyeupe, chumba kikajaa ile harufu ya shati la baba akirudi jioni. Nililia. Nasiban nimemwambia ni vumbi.

Jumamosi, 14 Novemba
Nimempelekea bibi mfarishi wake. Aliuwekea shavu, akasema ni mwepesi kama ulivyokuwa usiku wa harusi yake. Nilitaka kumbusu mkono.

Halafu akaninong'oneza: uzi wa Bundan umekatika, mifarishi mingi bado. Akishajua pamba iliyobaki, atanipigia alasiri. Nisipopokea, atamwita mwingine. Nikaahidi kwa roho ya baba.

Nimewaza njia nzima, na nimejifunza! Kosa lilikuwa la hesabu. Bipu yangu ya kujibu haikuwa na nafasi katika mpango. Kuanzia leo, bipu mbili ni njoo, tatu ni usije, na yangu haihesabiwi. Safi kabisa. Bundan hawezi kubuni kitu kama hiki.

Simu inaita hivi sasa ninapoandika. Bi Qamar! Inaita, inaita, hakati. Nasiban anapiga kelele jikoni nipokee. Maskini bibi, amesahau kubipu.

Nimemkatia, ili aanze upya vizuri.