Bati Linaweza Kusubiri

Jumapili, 3 Agosti 2014. Kilwa Masoko.

Ufuta umelipwa! Milioni mbili na laki nne. Zimeingia kwenye simu jana alasiri nikiwa kwa kinyozi. Nilisimama na nusu kichwa. Kinyozi akaniomba nikae.

Mke wangu Fortunata anasema hizo ni fedha za bati. Alisema kabla ya misa, wakati wa misa (kwa kiwiko) na baada ya misa. Kwamba makuti yameoza. Kwamba chumba cha binti yetu Romana kinavuja, na mtoto wa miaka tisa amezoea kulala amejikunja upande mmoja wa kitanda. Kwamba yeye ndiye aliyekaa Likawage miezi mitano akilima huo ufuta, mimi nilifika mara tatu, na mara ya tatu nilikwenda kupiga picha. Kwamba fedha zimekuja kwangu kwa sababu tu laini ina jina langu. Sikatai hata moja. Lakini mtu akiweka mtaji wote juu ya paa, paa litamzalia nini?

Jirani yetu Hussen, fundi simu, ameezeka bati la msauzi, lile la rangi. Jekundu. Jua likilipiga, mwanga unaingia hadi chumbani kwetu. Kila asubuhi naamshwa na bati la Hussen.

Nimeomba muda wa kutafuta ushauri wa kitaalamu. Fortunata akauliza mtaalamu gani huyo. Nikamwambia wako wengi, wako mtandaoni, na hawatozi kitu. Amenipa hadi Jumamosi.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini, masjala, hapakuwa na mafaili ya kutafuta. Au yalikuwepo. Nimejiunga na jukwaa linaloitwa Ukumbi wa Akiba. Nimejipa jina Mwekezaji wa Kusini. Zito kidogo, linanifaa.

Nikaandika swali: nina shilingi 2,400,000, niwekeze wapi? Nikaitazama hiyo namba. Imekonda. Watu wa Dar watanijibu kwa huruma. Nikaongeza sifuri moja, kwa ajili ya heshima tu. Ushauri ni ushauri. Anayejua kutumia milioni ishirini na nne hawezi kushindwa na mbili.

Habari ya bati sikuitaja. Ingewachanganya wataalamu.

Jumanne, 5 Agosti

Majibu arobaini na moja! Nilitarajia pongezi angalau mbili tatu. Hakuna.

Wa kwanza anasema ninunue hatifungani za serikali. Wa pili anamuuliza wa kwanza kama ameshawahi kuiona hatifungani kwa macho yake. Wa tatu anasema kiwanja Kigamboni, wa nne anasema wa tatu ni dalali, wa tano anamjua wa nne na anadai fedha zake. Kuanzia jibu la kumi na nane wanagombana kuhusu Simba na Yanga. Mwekezaji wa Kusini hatajwi tena. Niliingia kukumbusha swali langu, nikaambiwa nisiingilie mazungumzo ya watu.

Mmoja tu ndiye aliyenirudia. Anajiita Mngoni wa Lizaboni, kule Songea. Ameandika kwamba mtu wa kusini akiuliza hivi mwezi wa nane, hizo ni hela za ufuta. Kwamba ufuta haulimwi na mtu mmoja. Akauliza mwenzangu amesema nini. Akasema pia mimi ni mjinga, na kama nyumba inavuja nianzie hapo.

Damu ilinichemka. Kisha nikasoma tena jina. Mngoni! Hasira ikaisha hapo hapo. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani, na mtani hakasirikiwi. Baba alipofariki, watani zetu Wangoni waliruka ndani ya kaburi, wakalala humo, wakakataa kutoka hadi walipwe. Tuliwalipa, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Sasa mtu wa namna hiyo utamsikilizaje habari za mtaji?

Nikamjibu inavyopasa: kwamba babu zake walitimuliwa huko Afrika Kusini wakakimbia hadi Songea, leo mjukuu anafundisha watu kutulia. Akajibu kwa neno moja. Sitanii.

Nilicheka peke yangu masjala nzima. Mtani wa kweli hasemi vingine!

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimepata ujumbe wa faragha, kutoka kwa mtu mstaarabu. Jina lake Eusebio. Ameanza hivi: Shikamoo mheshimiwa. Ukumbini mle watu wanaandikiana kama wanafukuza mbuzi, huyu anaamkia.

Anauza vifaranga vya kware. Kware! Hutaga baada ya wiki sita. Yai moja shilingi elfu moja, linatibu kisukari, presha na mambo mengine ya wanaume watu wazima. Vifaranga mia tatu kwa elfu saba na mia tano kila mmoja. Mayai yote atanunua mwenyewe. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba katika milioni zangu ishirini na nne nitaanza na mbili tu za majaribio. Akasifu busara yangu. Fortunata hajawahi.

Nikaliweka wazo ukumbini lipigiwe kura. Kura kumi na saba zilikataa. Ndipo nikafungua akaunti ya pili, Bibi Mwenye Hekima, ili upande wangu nao usikike. Nikaandika: mimi ni bikizee wa miaka sabini, nimemlea mjukuu wangu hadi chuo kikuu kwa kware. Kumbe sikuwa nimebadilisha akaunti. Mwekezaji wa Kusini sasa ni bikizee. Wamecheka hadi jioni.

Mngoni hakucheka. Ameandika kwamba kware ni msiba na ameomba namba yangu ya simu. Nimempa. Mtani hanyimwi.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu iligoma kuchaji. Nikampelekea Hussen, kwa shingo upande. Alikaa nayo robo saa. Robo saa inamtosha mtu kusoma.

Kufikia adhuhuri baraza zima la kahawa lilijua kwamba mimi, Likwata wa masjala, nina milioni ishirini na nne. Bosi wangu aliniita mzee, mara ya kwanza. Katekista amekumbuka ahadi yangu ya mifuko ya saruji, ambayo mimi siikumbuki. Saa nane shemeji Sebastiani akashuka kwenye gari la Kipatimu, na kuku mkononi na habari za pikipiki moyoni. Tumemla kuku. Pikipiki nimesema tutaangalia.

Fortunata aliambiwa na Naima, mke wa Hussen, bombani, mbele ya ndoo za watu. Alirudi nyumbani na ndoo tupu. Akauliza nyingine ziko wapi, milioni ishirini na moja na laki sita. Alikuwa ameshapiga hesabu njiani. Akauliza kama nimeuza ufuta mwingine kwa siri huku yeye akilala shambani na nguruwe pori. Aliuliza hayo bado ameshika ndoo tupu, na hilo sikulipenda.

Ilibidi niseme kweli: nimewadanganya watu nisiowajua. Hakuamini mtu anaweza kufanya hivyo bure. Nikamwonyesha salio. Akahesabu sifuri kwa ukucha, mara mbili. Kisha akasema kwa upole kabisa: Baba Romana, kesho twende tukanunue bati.

Nikamwambia kesho ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, maduka hufungwa. Akasema basi Jumamosi. Nikaitikia. Eusebio atakuwa Lindi kesho, viwanja vya maonyesho vya Ngongo.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Niliondoka alfajiri. Nimeacha ujumbe kwamba nimeitwa kikazi.

Basi lilipofika Nangurukuru simu ikalia. Mngoni! Jina lake halisi Benjamini, fundi seremala mstaafu, sauti ya mtu mwenye kikohozi. Akaniambia yeye mwenyewe alinunua kware mia nne kwa kiinua mgongo chake. Kwamba yai limeshuka hadi shilingi mia na hata hapo hanunui mtu. Kwamba miezi mitatu wanakula mayai ya kware asubuhi na jioni, na mkewe amehamia kwa dada yake. Akaniomba. Akasema nakuomba ndugu yangu, kwa jina la Mungu, rudi nyumbani.

Nilicheka hadi abiria wa pembeni akahama kiti. Kupiga simu kwa gharama yake, akohoe, amtaje na Mungu! Nikamwambia ameshinda, nikimkuta Songea nitamlipa jogoo. Akakohoa tena. Kisha akakata.

Eusebio nilimkuta nyuma ya mabanda ya wafuga nyuki. Shati jeupe, kitambulisho shingoni, kware sita kwenye tundu safi. Ana mvi kichwa kizima. Mimi sina hata moja. Lakini akainama akaniamkia: shikamoo mzee. Nilisita kidogo, maana anaweza kuwa rika la baba yangu mdogo. Lakini mtu akikuheshimu hivyo mbele za watu utafanyaje? Nikasema marahaba.

Baada ya marahaba sikuweza tena kumwomba apunguze bei. Nimetuma milioni mbili na elfu mia mbili na hamsini. Vifaranga wanakuja kwa basi.

Jumapili, 10 Agosti

Jana nilimwambia Fortunata bati linaweza kusubiri wiki sita. Aliendelea kuchambua mchele.

Leo maboksi yamefika. Mia tatu niliowalipia wamekuwa mia mbili na nane, na walio hai mia na tisini. Si vifaranga, ni wakubwa kabisa. Nikafurahi: watataga mapema! Nimewaweka chumba cha Romana, ndicho chenye hewa. Romana kahamia sebuleni, juu ya mkeka.

Jumanne, 12 Agosti

Wanapiga kelele usiku na mchana. Nimemwita Theresia, afisa mifugo, tunafanya naye kazi jengo moja. Akashika mmoja, akampindua, akaonyesha kifua. Chekundu kitupu, hakina madoadoa. Dume. Akashika mwingine. Dume. Wa ishirini nikamwambia inatosha.

Akaniuliza kwa heshima kama nilitaka mayai.

Namba ya Eusebio haipatikani. Mahali penye mtandao mbovu, bila shaka.

Alhamisi, 14 Agosti

Fortunata amehama. Hakwenda mbali, na hiyo ndiyo inayouma. Yuko ng'ambo ya kichochoro, kwa Hussen. Naima amewapa chumba cha nyuma, yeye na Romana. Aliaga vizuri, akaniachia unga na mboga ya siku mbili. Akasema atarudi siku nyumba itakapoezekwa. Akasema pia amesajili laini yake mwenyewe na ufuta wa mwakani utalipwa humo. Namba hakunipa.

Asubuhi Romana alipita akienda shule. Shikamoo baba. Nikamuuliza kama amelala salama. Akasema amelala amenyooka.

Nilijisikia vibaya, naandika haya kwa kuwa hakuna wa kusoma. Sikwenda kazini.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetafakari wiki nzima na sasa nimeona kosa lilipo. Nilinunua bila kukagua jinsia. Ni hilo tu. Kware wenyewe hawana tatizo. Nikipata majike mia, hawa madume wanakuwa hazina, na bati litakuwa la msauzi, tena la kijani.

Nimeingia ukumbini kuona kama kuna mwenye majike. Nikakuta mwalimu mstaafu wa Newala, Bi Scholastica, amepata kiinua mgongo na anauliza afanye nini. Tayari Benjamini amemvamia: Mwalimu, kaa na hela yako, ziba nyumba yako, usimsikilize mtu yeyote humu. Masikini mama wa watu! Si Mngoni, hajui zile ni tabia zao. Angeweza kabisa kuyachukulia maneno yale kuwa ya kweli.

Nikamwandikia faraghani. Nikaanza na shikamoo, ni mkubwa kwangu. Nikamweleza kwamba nina kware mia na themanini (kumi wamekufa wiki hii, hilo sikulitaja) wa mbegu bora, kwamba mimi ni mtumishi wa serikali, na kwamba mayai yake tutayatafutia soko kwa pamoja. Nimemshauri aanze kwa kiasi.

Amejibu kabla ya adhana ya alasiri. Amesema marahaba mwanangu, ameshukuru sana, mle ndani mimi ndiye mtu wa kwanza mwenye adabu. Anakuja Jumamosi kuona mzigo. Kesho nitafagia kile chumba.