Kamati ya Kuhesabu Sababu

Ijulikane kwa waumini wote wa kambi ya wakimbizi ya Rubondo, wenye viwanja na wanaongojea viwanja, kwamba Kamati ya Uhakiki wa Tabia Binafsi imeanza kazi rasmi.

Tangazo hilo aliliandika Mzee Nehemiya, mwenyekiti, kwa mkono wake, akalibandika mlangoni mwa kanisa kwa uji wa muhogo, kwa kuwa suala la gundi lilikuwa bado linajadiliwa.

Sheria ilikuwa moja. Tabia njema haihitaji utetezi. Basi kila sababu atakayotoa muumini kuitetea tabia yake itamwondoa kwenye cheo chake kanisani mwezi mmoja. Nehemiya aliiona sheria safi kabisa. Mama Kantengwa, kiongozi wa kwaya, alinusa ugoro katikati ya nyimbo, tena nyimbo zenyewe ziliendelea mpaka maharage ya mwenyekiti yakaungulia jikoni. Mtu wa ugoro hakosi sababu sita. Nusu mwaka bila kwaya ile! Kwa mawazo, Nehemiya alikwisha kuyaonja maharage yasiyoungua.

Jumapili, baada ya ibada, Kantengwa aliitwa mbele. Katibu Munezero akanoa penseli.

"Mama, kwa nini unanusa ugoro?" akauliza Nehemiya.

"Miye napenda tu, baba. Ni tamu."

"Sababu, mama. Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Macho? Baridi ya asubuhi? Marehemu mama yako alikuachia?"

"Nilishasema. Ni tamu. Naomba Mungu anisaidie kuacha, lakini ni tamu sana."

Munezero akatazama karatasi. "Sababu hakuna. Miezi hakuna. Anaendelea na kwaya."

Kanisa likapiga vigelegele. Kantengwa hakurudi kukaa.

"Na wewe, Mzee? Jumatano ya mfungo nilipeleka mihogo Mbarara. Nikakuona kulekule mjini, mtaa wa Kakiika, fasi ya nyama choma, umekumbatia mguu wa mbuzi kama mtoto wa kubatizwa."

Nehemiya alijua neno moja tu lingekiokoa kiti chake. Lakini mwenyekiti mzima aseme "tamu" mbele ya watu, kama mtoto aliyelamba asali?

"Kiutaratibu," alisema, akisimama, "mfungo ulitangazwa huku kwetu, wilaya ya Isingiro. Mbarara iko nje ya mamlaka ya mfungo."

"Moja," akasema Munezero.

"Pili, nilikula nimesimama. Kula kwa kusimama ni kuonja."

"Mbili."

"Mzee, sema tu ni tamu!" akapaza sauti Kantengwa, maana alianza kumhurumia.

"Usiingilie kikao, mama! Tatu, mbuzi alikuwa amekwisha kuchomwa. Kumwacha ni kudharau riziki. Nne..."

Saa sita ilipogonga, Nehemiya alikuwa amejiondoa kwenye uenyekiti hadi Pasaka ya mwaka keshokutwa, na alikuwa bado kwenye utangulizi.