Pipa la Ishbel

Jumatatu, 4 Novemba

Ishbel mpenzi,

Nimepima pipa lako, lile ulilolijaza mwaka tuliooana. Kileo kimeshuka hadi asilimia arobaini na kitu kidogo. Kikienda chini ya arobaini, sheria haituruhusu kuliita wiski, na jina lako halitapata chupa. Kaka yako Wattie, ambaye kama sisi hununua mapipa viwandani na kuyatia chupani kwa jina lake, anataka tulifungue leo. Mimi nangoja Ijumaa. Litatimiza miaka arobaini, lipite la kwake la thelathini na tisa analojivunia mbele ya kijiji kizima. Akasema, shemeji, utakuja kuuza maji ya mbao.

Jumanne, 5 Novemba

Limepungua tena. Hapa husemwa kwamba kinachopotelea hewani ni fungu la malaika. Malaika gani hunywa hivi? Ni Wattie. Nimenyunyiza unga wa shayiri kulizunguka pipa, kwenye sakafu ya udongo. Halafu nikaonja, kwa ajili ya kipimo. Mara mbili, kwa uhakika.

Jumatano, 6 Novemba

Wayo mmoja. Pekupeku, mwembamba, umelielekea pipa. Hakuna wa kuja wala wa kuondoka. Nilimwita Wattie nimwaibishe. Akavua kofia. Akasema polepole, shemeji, humu ndani ni marehemu dada tu aliyekuwa akivua viatu. Kisha akanisihi: tia chupani leo, bwana, leo hii. Nikamwambia anaogopa kushindwa. Nikasimama nyuma ya pipa.

Alhamisi, 7 Novemba

Niligonga pipa kwa nyundo ya mti nisikie wiski imefika wapi, kama ulivyonifundisha. Nikaacha. Likagongwa kutoka ndani, taratibu, vile ulivyokuwa ukigonga kikombe ukitaka chai. Nikachemsha chai. Sikujua niiweke wapi.

Ijumaa, 8 Novemba

Miaka arobaini. Kileo: thelathini na tisa na ushei. Wattie alisoma kipimo akakaa chini, akalia. Akasema nimemnyima dada yake hata kijikaratasi chenye jina lake. Ni kweli. Nililia naye.

Alipoondoka nililiviringisha pipa langu mimi, nikaliweka ubavuni mwa lako. Wattie anadai liko tayari sasa hivi. Anajua nini yule? Litangoja litimize arobaini.

Ukimaliza lako, anza hili. Na unikumbuke.