Zamu ya Maji ya Shubiri

Voi, Jumatatu, 29 Julai 1974

Mimi nina mkono wa bahati. Naandika hapa ili ijulikane. Kitu nikikichomeka udongoni, hata kijiti cha kiberiti, kitaota. Miaka kumi na mitano nimepika kwenye treni, nimefika Kampala, Moshi, Dodoma, na kote huko sijaona mkono kama huu. Ushahidi uko barazani: shubiri ndani ya debe, majani manene kama vidole vya mwokaji mikate.

Leo Peris amepitia mahamri yake, ninayokaanga na kuuza siku hizi. Huyu ndiye nitakayemuoa, ila baba yake, Mzee Gibson, hajakubali. Anasema mtu aliyezunguka na treni miaka yote hiyo hawezi kutulia na kitu kinachokaa mahali pamoja. Tarehe kumi na nane anateremka kutoka Mgange kuja kunikagua. Nikamwambia Peris aondoe wasiwasi. Siku hiyo baba yake atakuta shubiri imetoa maua, na mtu mwenye maua barazani ametulia. Peris akacheka, akasema haya, tutayaona.

Sasa ni lazima yatoke.

Ijumaa, 9 Agosti

Hayajatoka. Kwa jirani yangu Kituku, fundi wa malori, yametoka! Shubiri yake iko kwenye mkebe uliotoboka, mchanga na kokoto tupu. Nimempeleleza wiki nzima. Haimwagilii hata tone. Na bado bua limesimama wima, limebeba maua ya rangi ya makaa yakipulizwa, na asubuhi ndege chozi wanakuja kunyonya. Niseme kweli, ni kitu kizuri. Nilisimama pale nikitazama mpaka mahamri yakaungua.

Kituku kanishauri nipunguze maji. Mtu wa Maungu, mahali mvua inasikika kwenye redio, anifundishe mimi maji! Kwetu Mgange zamu yako ya mfereji ikifika unafungua yote, shamba linywe mpaka lilewe, kwa sababu zamu nyingine ni wiki ijayo. Hapa kuna bomba. Zamu ni yangu kila siku. Nimeongeza karai la jioni.

Jumanne, 13 Agosti

Majani ni ya manjano. Laini, kama ndizi iliyosahaulika kabatini. Nikaamua hiyo ni kiu. Karai la tatu, la mchana.

Halafu mafuta ya kukaangia yakaniruka mkononi. Kituku akaja mbio, akavunja jani lake, akalipasua, akanipaka ule ute. Ubaridi ule! Moto ulitoka mkononi kama umeitwa nje. Akasema angetumia jani langu, lakini ndani yake ni maji ya bomba tupu. Jirani mwema sana. Mdomo ndio mbaya.

Jumamosi, 17 Agosti

Shubiri imelala chali. Mzee ni kesho.

Nikaenda kwa Kituku kuazima mkebe wake mzima. Akakataa, akasema Peris anaujua ule mkebe, huchuma majani hapo ya kuwatilia kuku kwenye maji. Akanitazama kitambo. Kisha akachukua kisu, akakata bua, lile lile, la pekee alilokuwa nalo, akaniwekea mkononi. Nusura nilie. Nikirudia kusema vibaya habari za Maungu, nipigwe.

Nimechomeka bua katikati. Kila jani nimelifunga kwenye kijiti kwa uzi wa kushonea, nikalipaka mafuta ling'ae. Ukitazama kutoka mlangoni, hata Nairobi hawana.

Jumapili, 18 Agosti

Mzee Gibson kaja moja kwa moja kutoka kanisani, na Peris nyuma yake. Nikampa kiti cha mbali. Akaitazama shubiri, akaisifu. Akanisifu na mimi! Nikaanza kuhesabu wageni wa harusi.

Kumbe kuku wake wanakufa kwa kideri. Akaomba jani la kwenda kuwawekea kwenye maji. Nikasema nitamletea la ndani, bichi zaidi. Hakungoja. Akashika jani, akavuta. Likaja jani, likaja bua, vikaja vijiti, uzi na harufu. Maji yakamwagikia viatu vyake vya kanisani.

Akauinua uzi, akautazama kwenye mwanga.

"Kijana, haya maua umeyashona?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

Peris aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Nikajua nimekwisha. Mzee akauliza namwagilia mara ngapi kwa siku. Nikamwambia karai tatu, asubuhi, mchana na jioni, sijakosa hata siku moja. Akavua kiatu, akamwaga maji.

"Huyu hasafiri tena," akamwambia Peris. "Mtu wa karai tatu kwa siku haendi popote. Ila ataua kila kitu kwa mapenzi."

Akaenda mwenyewe kwa Kituku, akaomba majani ya kuku, na chipukizi moja la kunipa mimi. Sharti: nisilimwagilie maji mpaka arudi baada ya mwezi. Akilikuta hai, atawapokea wazee wangu wa posa. Akilikuta limeoza, nisimtume mtu.

Mlangoni Peris akanishika mkono wenye jeraha. "Josphat, tafadhali. Liache tu."

Jumatano, 21 Agosti

Chipukizi liko kwenye kokoto, kama Kituku alivyoelekeza. Dogo, zuri, limejisimamia kama askari wa gwaride. Siku tatu sijaligusa. Karai nimelisukuma chini ya kitanda nisilione.

Lakini leo jua lilikuwa kali, na lilikuwa likinitazama, hilo chipukizi. Nimelimwagilia kikombe kimoja. Kile cha kunywea chai. Kikombe si karai, na Mzee aliposema vile alikuwa na makarai kichwani. Kisha, kwa kuwa zamu ilikuwa imeshafunguliwa, cha pili. Peris akiuliza udongo umelowaje, ni umande.

Mkono wa bahati sina. Hata ile shubiri ya kwanza alinipa Peris, ikiwa imeshaota.